Dola Mbili, Ngoma Moja

Jumatano, tarehe 6 Februari 1935

Habari kubwa! Mzee Guan, mkuu wa Chama cha Ngoma, ametangaza kwamba magoti yake hayawezi tena kupanda gari la ngoma. Alhamisi ya wiki ijayo wanachama watamchagua mkuu mpya. Siku ya Sikukuu ya Taa huyo ndiye atakayesimama juu ya gari, amejifunga mshipi mwekundu, na kupiga pigo la kwanza. Bila pigo hilo hakuna taa inayosogea katika mji wetu wa Sangkou.

Naomba radhi kwa kulisema mwenyewe, lakini anayefaa ni mimi. Babu yangu alinifundisha historia ya nasaba za Qin na Han, ambazo vilima vya makaburi ya wafalme wake tunavipita tukienda kuchuma mboga. Mapadri wa misheni wakanifundisha Kilatini na habari za Makaisari wa Roma. Kutoka hapa hadi Mto Wei hakuna mtu mwingine mwenye dola mbili katika kichwa kimoja. Wengi hawana hata moja.

Mpinzani: Pang Laosan, mtengeneza siki. Sauti kubwa, tumbo kubwa. Huniita Mwalimu kwa adabu, kisha hunipiga kofi la mgongo kana kwamba mimi ni pipa lake.

Nimefungua sanduku la marehemu mke wangu, Maria. Mshipi upo. Hariri nyekundu, ncha zimetariziwa mawingu. Aliushona katika majira yake ya mwisho ya baridi, macho yakiwa yamekwisha kuchoka. Alisema kuwa ipo siku atanitazama nikiwa juu ya gari lile, awe upande huu wa kaburi ama ule. Sijauvaa hata mara moja. Mshipi wa mkuu hauvai asiye mkuu.

Yinhuan, mke wa mwanangu aliye kazini Xi'an, alinikuta nikiukunjua. Akauliza kwa nini nisiende tu kwa Mzee Guan nikamwambia kuwa ninaitaka kazi hiyo.

Kuomba! Ilinibidi niketi kwanza. Nikamweleza kwa upole kwamba mtawala haombi, hubembelezwa. Mfalme wa kwanza wa Han alipopewa kiti alikataa mara tatu ndipo akakubali. Kaisari Augusto, umati wa Roma ulipotaka kumpa mamlaka yote, alipiga magoti, akateremsha vazi mabegani, akawasihi wasimpe. Wote wawili walitawala hadi kufa.

Yinhuan akasema ni sawa, Baba, lakini hao walikuwa na majeshi nyuma ya mlango.

Binti mwema sana. Bahati mbaya hakusoma.

Ijumaa, tarehe 8 Februari

Nimeanza na Roma. Makaisari waliwashika watu wao kwa mkate na michezo. Nikawaalika wanachama wote nyumbani kwangu saa sita mchana.

Mkate: mikate ya mvuke, mikubwa, myeupe, kama vichwa vya watawa walionyolewa. Kwa kuwa leo ni Ijumaa, na mimi ni mwana wa Kanisa, haikutiwa nyama. Niliagiza itiwe figili. Yinhuan alinionya kwamba figili peke yake italeta huzuni. Nilimjibu kwamba dhamiri haina kitoweo.

Michezo: niliwasomea hotuba ya Kilatini, niliyoitunga mwenyewe, juu ya fadhila za kiasi. Naomba radhi, ilikuwa ndefu kidogo. Walisikiliza kwa utulivu ambao sijawahi kuuona. Baadaye nikagundua kuwa Mzee Guan alikuwa amelala, na jirani yake alikuwa amemwegemea.

Kisha wakala. Watu wanatafuna kama wanaopiga hesabu ya dhambi zao. Ndipo Lu, kinyozi, mtu asiye na haya, akatoa chupa ndani ya mkono wa kanzu yake. Siki ya Pang! Huenda nayo kila mahali, alisema, maana hajui atakutana na nini. Chupa ikazunguka. Nyuso zikachangamka kana kwamba taa imewashwa. Wakasema siki hii inaweza kumfufua punda. Wakasema kuwa mikate nayo si mibaya, inaibeba siki vizuri.

Inaibeba siki! Mkate wangu, nyumba yangu, makaa yangu, na sifa zikaenda kwa Pang ambaye hata hakuwapo. Kisha akawapo. Alikuwa amepita tu njiani, akasikia jina lake. Akala mikate minne, akanipiga kofi la mgongo, akasema, "Mwalimu, siku nyingine niambie mapema, nilete pipa!"

Nilimshukuru. Adabu ni adabu.

Hata hivyo najivunia jambo moja. Historia haisemi kwamba Kaisari yeyote aligawa mkate kwa kufuata Ijumaa.

Jumapili, tarehe 10 Februari

Roma imeniangusha. Nimerejea nyumbani, kwa Qin.

Serikali ya Qin haikumbembeleza mtu. Iliwafunga raia katika mafungu ya watano watano. Mmoja akikosa na wenzake wakanyamaza, wote wameumia. Anayetoa habari hupata tuzo. Mfumo mzuri ajabu! Mtawala analala, raia wanachungana.

Baada ya Misa niliwakusanya wanachama kwenye uwanja wa kinu. Kwa kuwa mimi ni mkubwa kwao kwa umri, hawakunipinga. Nikawapanga watano watano, wapiga ngoma na wapiga matoazi. Nikaeleza kwamba, kwa ajili ya umoja wa chama, haifai kabla ya Alhamisi mtu kumsifu mwanachama mmoja kuliko wengine. Sikutaja jina. Au nilitaja mara moja, kwa mfano tu. Atakayemsikia mwenzake akivunja sharti hilo aje kwangu, apewe persimoni kavu, lile tunda tamu linaloanikwa juani.

Kufika alasiri mlango wangu ulikuwa na msururu! Moyo ukanijaa. Nikasema kimoyomoyo, tazama, Maria, hii ndiyo serikali.

Fungu la kwanza walikuja wote watano pamoja, wakicheka. Kila mmoja alimshitaki mwenzake wa kulia. Wakachukua persimoni tano. Fungu la pili wakafanya vivyo hivyo, ila wao walishitakiana kulia na kushoto, wakachukua kumi. Fungu la tatu aliwasemea Lu kinyozi. Kwa uso mkavu kabisa akasema kuwa wamefanya uchunguzi, na mtu aliyemtaja Pang Laosan kuliko watu wote wa Sangkou tangu asubuhi ni mimi.

"Mwalimu," akasema, "hata mke wa Pang hamtaji hivyo. Na yeye anamdai kuni."

Nilitafakari. Ushahidi ulikuwa kamili. Sheria ya Qin haina jicho la upendeleo. Nimejihukumu mwenyewe kunywa chai bila sukari hadi uchaguzi. Persimoni zimekwisha, hata zile za Yinhuan, na ananiangalia kwa namna fulani.

Lakini nauliza: ni mfalme gani wa Qin aliyewahi kujiadhibu kwa sheria yake mwenyewe? Nimewapita.

Jumanne, tarehe 12 Februari

Juzi usiku nililala nikiwaza tofauti iliyo kubwa kuliko zote. Kaisari wa Roma alitawala kwa kuonekana. Alikwenda kwenye michezo, akasalimia, sanamu zake zikawekwa kila njia panda. Mfalme wetu wa Qin alitawala kwa kutoonekana. Alipita katika njia zilizofunikwa toka jumba hadi jumba, na aliyesema mfalme yuko wapi aliuawa. Roma ni uso. China ni pazia.

Nimekwisha kuonekana mno. Basi, pazia! Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Kwa hiyo jana asubuhi nilijifungia. Nikafunga madirisha ya karatasi, nikaketi juu ya kitanda cha matofali chenye moto chini, nikatulia kama siri. Nilimwagiza Yinhuan kwamba akiulizwa niliko, aseme kuwa haijulikani. Akasema, Baba, nyumba yenyewe ina chumba kimoja na jiko. Nikamwambia aseme hivyo hivyo.

Asubuhi hii hofu ilianza kuenea, nami niliisikia kupitia ukutani. Watu walinong'ona uani. Mwanamke mmoja akasema maskini, tangu mkewe afe hali chakula vizuri. Mwingine akasema ni ile figili. Niliwaacha wanong'one. Ndivyo heshima inavyoota.

Saa nne mlango ukafunguliwa. Padri Ren, mwenye stola shingoni na mafuta matakatifu ya wagonjwa mahututi mkononi! Nyuma yake Mzee Guan analia. Nyuma yake Pang, amebeba bakuli la supu ya tangawizi kwa mikono miwili, hatua ndogo ndogo, ulimi nje, asimwage hata tone.

Naomba Mungu anisamehe. Sikuweza kumweleza Padri juu ya Mfalme wa Qin wakati amekwisha kupiga magoti. Kumkatiza kasisi katika sala ni utovu wa adabu. Nilipakwa mafuta paji la uso na mikono, nikaitikia kwa Kilatini pale panapostahili. Padri alisema kuwa hajapata kumwona mgonjwa anayeitikia kwa usahihi hivyo.

Pang alininywesha supu kwa kijiko, akasema, "Taratibu, Mwalimu. Usituache. Nani mwingine atatulaza kwa Kilatini?" Watu wote uani wakasema kuwa Pang ana moyo wa dhahabu.

Supu ilikuwa nzuri. Nalazimika kuandika ukweli.

Alhamisi, tarehe 14 Februari

Siku yenyewe. Nitajitahidi kuandika kwa mpangilio.

Tulikutana ukumbini, nyuma ya kinu. Ngoma kuu katikati, chai kandokando. Nilikaa karibu na mlango, mahali pa chini kabisa, kama inavyompasa mtu anayetarajia kuvutwa hadi mahali pa juu. Mzee Guan akasimama, akashika magoti yake, akasema kwamba amefikiri. Chama kinahitaji mtu mzima, mwenye elimu, mtu ambaye wiki hii Mungu mwenyewe amemrudisha. Akanitaja mimi.

Mimi! Na hakuna aliyepinga! Lu kinyozi akasema barabara, aliyeshinda mafuta ya mwisho atashindwaje na ngoma. Pang ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. Akasema, "Mwalimu! Mwalimu!" na kugonga meza hadi vikombe vikaruka.

Macho yalinilowa. Niliuona mshipi. Nilimwona aliyeushona.

Kisha nikasimama, nikakataa.

Kukataa kwa kwanza kulikuwa kuzuri. Nilisema kuwa sistahili, elimu yangu ni tone, mikono yangu ni ya kushika kalamu. Wakapaza sauti kwamba hapana, hapana, tunakutaka wewe. Sawasawa na katika vitabu. Kukataa kwa pili kulikuwa kuzuri zaidi. Nilitaja umri, nikataja kifua, nikainama hadi kofia ikaanguka. Niliacha sauti ivunjike kidogo mwishoni. Kisha nikaketi, nikashusha macho, nikasubiri mara ya tatu. Katika mara ya tatu ningekataa kwa maneno machache tu, wangenishika mikono, nami ningejiachia.

Kimya.

Mzee Guan akajifuta macho. Akasema jamani, tumwonee huruma. Mtu amekataa mara mbili kwa machozi. Juzi alikuwa kitandani anapakwa mafuta. Tukimlazimisha tutakuwa tumemuua sisi. Wote wakasema kweli, kweli, tulikuwa wakatili. Mmoja akaniletea blanketi.

Akamgeukia Pang. Akamuuliza kama yeye ataweza.

Pang akasema, "Sawa."

Sawa! Neno moja! Bila kuinama! Hata mnunuzi wa kabichi hukataa bei ya kwanza!

Nilipiga makofi pamoja na wengine, blanketi likiwa mabegani. Yinhuan alikuwa akimimina chai. Alipofika kwangu alitia sukari, vijiko vitatu.

Jumamosi, tarehe 16 Februari

Pang alikuja asubuhi. Akavua kofia mlangoni, jambo asilolifanya. Akasema ana aibu. Wakuu wote waliotangulia walikuwa na mishipi ya ukoo wao. Yeye baba yake alikuwa mchukuzi wa maji, hana. Amesikia kwamba mimi ninao. Angependa kuuazima siku moja tu, na angeutunza kama jicho.

Sikulitarajia. Nilisimama katikati ya chumba. Yinhuan aliacha kukanda unga.

Ningesema nini? Mtu mwenye adabu akiombwa kitu katika nyumba yake husema, chukua, chukua, ni kitu kidogo. Naye mwombaji mwenye adabu husema hapana, siwezi, ni kumbukumbu ya marehemu. Husukumana hivyo mara tatu, kisha kila mmoja hubaki na chake na heshima huongezeka pande zote. Hata mtoto anajua.

Nikafungua sanduku, nikautoa kwa mikono miwili, nikasema, "Chukua, ndugu yangu, ni kitu kidogo."

Akauchukua.

Alishukuru sana. Alikuwa na machozi, nadhani ya kweli. Akaukunja ndani ya kitambaa safi, akaushika kifuani kama mtoto mchanga, akaondoka akitembea polepole. Nilimsindikiza hadi lango la ua, nikamtakia heri, nikarudi, nikaketi juu ya sanduku lililo wazi.

Yinhuan akasema, "Baba, kwa nini hukusema tu hapana?"

Nikamweleza kwamba Han waliwapa majirani wao wa kaskazini hariri nyingi kila mwaka, na huo ulikuwa utawala wa hekima ya juu, maana anayetoa ndiye mkubwa.

Akauliza kama na hao majirani waliichukua yote.

Naomba radhi kwako, Maria. Ni siku moja tu.

Jumatatu, tarehe 18 Februari. Sikukuu ya Taa

Taa za samaki, taa za sungura, taa ya joka yenye urefu wa uchochoro mzima. Mji wote barabarani. Gari la ngoma limefungwa nyumbu wawili wenye shada za karatasi vichwani. Juu yake, Pang, na mshipi wa Maria. Haukumtosha tumboni. Alikuwa ameuunga kwa kamba nyuma, lakini mawingu yalikaa mbele, yakang'aa. Nilisimama ukingoni, mikono ndani ya kanzu.

Kila mtu alingoja pigo la kwanza. Pang akainua vijiti. Kisha akavishusha. Akatazama huku na huku, akaniona, akapaza sauti juu ya umati mzima:

"Mwalimu Qu! Panda! Mshipi ni wa mama yetu Maria, na pigo la kwanza liwe la mumewe! Mpisheni Mwalimu!"

Umati ukafunguka kama pazia. Akaanza kufungua mshipi kiunoni, pale mbele za watu wote. Lu kinyozi akaweka kigoda nipandie. Hatua chache tu. Niliona mkono wa Pang umenyooshwa, vijiti viwili vyenye vitambaa vyekundu.

Nilitembea hadi kwenye gari. Nikasimama. Mji mzima ulikuwa ukinitazama, na mtu anayetazamwa na mji mzima hawezi kurukia cheo kama paka anavyorukia samaki.

Nikasema sistahili.

Pang akasema, "Unastahili, Mwalimu, njoo!"

Nikainama, nikasema kuwa pigo ni la mkuu. Yinhuan alikuwa nyuma yangu, akanivuta kanzu kwa nguvu, akanong'ona, "Baba, ndiyo! Sema ndiyo!" Nilimwomba asiharibu.

Pang akainama kutoka juu, uso umejaa jasho. Nilimwona akivuta pumzi ili aniombe mara ya tatu. Na mimi nilikuwa tayari. Nakiri, neno lenyewe lilikuwa juu ya ulimi.

Mtu akawasha fataki. Nyumbu wakashituka, wakaruka. Gari likaondoka, Pang akapepesuka, akaiangukia ngoma kwa vijiti vyote viwili. DUM! Pigo la kwanza! Umati ukalipuka kwa shangwe, matoazi yakaingia, joka likainuka, na mji wote ukamfuata, mshipi unapepea upande mmoja tu.

Nilipofungua kinywa kukubali, nilikuwa nakubali mbele ya kigoda.

Jumanne, tarehe 19 Februari

Ushindi! Nimechelewa kuuelewa, lakini sasa ninauelewa.

Leo mchana Pang alikuja, bega lake limevimba kama mkate wa mvuke. Mshipi umerudi, umekunjwa vizuri, pamoja na mtungi wa siki. Akasema kuwa kazi ile si yake. Amezungumza na Mzee Guan na wenzake wote asubuhi. Wamekubaliana kuwa mkuu wa Chama, kuanzia leo, awe mimi. Nisimame tu, nivae mshipi, niende naye hadi kwa Lu kinyozi ambako wanachama wamekusanyika na ngoma. Akasema, "Neno moja tu, Mwalimu. Sema ndiyo, twende."

Yinhuan, nyuma ya mgongo wake, alikuwa akitikisa kichwa juu na chini hadi hereni zikagongana.

Kwa hiyo nilikataa. Kwa upole, kwa Kichina cha kale, nikiweka sentensi moja ya Kilatini katikati. Pang akaniomba tena. Nikakataa tena, kwa namna iliyokuwa bora kuliko zote nilizowahi kuzitoa. Yeye mwenyewe alibaki ameduwaa. Akamtazama Yinhuan. Yinhuan akaketi sakafuni. Pang akavuta pumzi ndefu, akasema basi, hatanisumbua tena, watampa Lu.

Lu! Nilitabasamu. Ni namna yao ya kusema kwamba wanakwenda kujipanga kwa ombi la tatu.

Nimelinganisha sasa dola zote mbili, na nimefika mwisho wa elimu hii. Mfalme wa Han alikataa mara tatu tu, kisha akachoka, akaketi kwenye kiti. Augusto alikataa jina la cheo, lakini kazi yenyewe aliichukua. Mimi nimekataa jina na kazi vyote, ukumbini, barabarani na nyumbani, na sijachoka. Katika historia ya China na Roma hakuna aliyefika hapa. Naomba radhi kwa majivuno.

Nimeupiga pasi mshipi. Nimevaa kanzu yangu ya Krismasi. Nimemuuliza Yinhuan kama chai iko tayari, hajajibu, nafikiri ni furaha.

Nasikia ngoma. Inatoka upande wa kinyozi, na kila dakika inazidi kuwa mbali. Bila shaka wanapita njia ndefu, kwa heshima.

Nimeacha mlango wazi, wasipate taabu ya kubisha.